Kwa nini Zambia ilifunga Nakonde sisi tukiwa wazi: jibu kwa mfanyabiashara wa Mbeya

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Nauza mchele wa Kyela na viazi kwa jumla hapa Mbeya, na wateja wangu wengi wako Nakonde na kuendelea ndani ya Zambia. Mei 2020 mzigo wangu ulilala Tunduma kwa sababu wenzetu walifunga mpaka, ilhali kwetu masoko yalikuwa wazi. Mume wangu anasema serikali ziliigana tu, mmoja akifunga na mwenzake anafunga. Mimi nasema kila rais aliamua lake, ndiyo maana sisi hatukufunga. Nani ana haki? Na ugonjwa mwingine ukija, nitajuaje mapema kama boda itafungwa?"

Marahaba, mama, na pole kwa mzigo ule.

Ubishi wenu naweza kuuamua upesi: mumeo ana haki kuhusu Machi 2020, wewe una haki kuhusu Mei. Katika nusu ya pili ya Machi serikali nyingi ziliigana kweli, tena bila kuficha. Ilipofika Mei kila moja ilikuwa imeshaonja gharama ya kufunga, na tangu hapo jirani alimgusa mwenzake kwa njia nyingine kabisa. Hakumwonyesha tena cha kufanya. Alimsumbua kwa yale asiyomwambia. Mzigo wako ulikwama kwa sababu hiyo ya pili, na ndiyo nitakayokaa nayo zaidi, maana ndiyo itakayokugusa tena.

Nianze na Machi ili mumeo apate haki yake. Tarehe 23 Rais Cyril Ramaphosa alitangaza kwamba Afrika Kusini itafungia watu ndani kwa siku 21, kuanzia usiku wa manane wa tarehe 26. Angalia kilichofuata kusini kwetu. Namibia na Eswatini ziliweka vizuizi vyao karibu wakati uleule, Zimbabwe ikafunga tarehe 30, Botswana ikafuata Aprili 2. Lesotho ndiyo ya kushangaza kuliko zote. Ilifungia watu wake ndani mwishoni mwa Machi bila kuwa na mgonjwa hata mmoja aliyethibitishwa. Wa kwanza alithibitishwa Mei 13. Ukiuliza ilikuwa ikipambana na nini muda wote huo, nitakujibu kwamba ilikuwa ikipambana na ramani. Nchi ile imezungukwa na Afrika Kusini pande zote, watu wake wengi wanakwenda huko kutafuta kazi, na bidhaa za dukani zinatoka hukohuko. Pretoria ikifunga, Maseru imefungwa, itangaze isitangaze.

Halafu iangalie hiyo namba 21. Afrika Kusini siku 21. Zimbabwe siku 21. Namibia vilevile. Kenya ilipozuia watu kuingia na kutoka Nairobi mwezi Aprili, siku 21. Malawi ilipopanga kufunga, siku 21. Siku 14 zina maelezo ya kitabibu, kwa sababu huo ndio muda ambao aliyeambukizwa hutarajiwa kuonyesha dalili, na ukiongeza wiki moja ya tahadhari unapata 21. Hesabu yenyewe si ya kipuuzi. Lakini nchi tano zenye idadi tofauti ya wagonjwa, uchumi tofauti na hospitali tofauti zikitua zote kwenye namba moja ndani ya wiki tatu, mtu mzima anajua kwamba namba imesafiri.

Wala si Afrika peke yake. Italia ilifunga nchi nzima usiku wa kuamkia Machi 10, Hispania ikatangaza hali ya tahadhari tarehe 14, Ufaransa ikafunga tarehe 17. Watafiti wa Sweden walizichunguza nchi tajiri zilizo katika jumuiya ya OECD na kuchapisha matokeo yao mwaka huohuo wa 2020. Walichokikuta ni kwamba uamuzi wa serikali kufunga shule au kuzuia mikusanyiko uliendana sana na idadi ya majirani waliokwisha kufanya hivyo, kuliko hali ya ugonjwa ndani ya nchi yenyewe. Nchi za kidemokrasia zilichelewa kuanza, lakini ndizo zilizosikiliza zaidi majirani wanafanya nini.

Wanasiasa hawakuwa wajinga. Machi ile hakuna waziri wa afya aliyejua ugonjwa utaendaje. Katika giza la namna hiyo, anayefuata wenzake akikosea amekosea pamoja nao, na hakuna atakayemnyooshea kidole. Anayekwenda peke yake akikosea, kaburi la kisiasa ni lake. Kifo cha wengi harusi. Ndiyo maana Sweden, ambayo haikufungia watu ndani, iliulizwa maswali kila siku na waandishi wa dunia nzima, wakati waliofunga hawakuulizwa kwa ukali kama huo kwa nini wamefunga.

Sasa njoo kwetu. Ukivuka Kasumulu ukaingia Malawi utakuta kisa ambacho napenda kuwafundishia wanafunzi, kwa sababu kinaonyesha mahali ambapo kuigana kunagonga mwamba. Malawi ilipata wagonjwa wake wa kwanza Aprili 2. Aprili 14 Rais Peter Mutharika akatangaza siku 21 za kufungia watu ndani, zianze usiku wa tarehe 18. Wachuuzi wakaingia barabarani, Mzuzu ikiwemo, wakisema bora korona kuliko njaa. Shirikisho la watetezi wa haki za binadamu likaenda Mahakama Kuu, na Aprili 17, siku moja kabla ya kufuli kufungwa, mahakama ikalizuia agizo lile. Hoja kubwa ilikuwa kwamba serikali imepanga kuwafungia watu wanaokula kwa kibarua cha siku bila kueleza watakula nini. Kumbuka pia kwamba nchi ilikuwa inaelekea kurudia uchaguzi wa rais, uliofanyika Juni 23 na kumpa ushindi Lazarus Chakwera, kwa hiyo wengi walishuku nia. Amri ya Pretoria iliweza kuvuka mipaka kadhaa, lakini fedha za Pretoria za kuwashika mkono watu wake hazikuvuka nayo. Unaweza kunakili tangazo la jirani kwa jioni moja. Hazina yake huwezi kuinakili.

Nataka uliangalie jambo hili kwa makini, kwa sababu watu wengi wa Mbeya na Songwe wanalikumbuka vibaya. Wanasema Tanzania ilikuwa wazi na Zambia ilikuwa imefunga. Si hivyo. Katika kona hii yetu, kati ya Tanzania, Malawi na Zambia, hakuna hata nchi moja iliyofungia watu ndani nchi nzima. Zambia ilifunga shule, baa na kumbi, ikabana viwanja vya ndege, ikaishia hapo. Sisi nasi tulifunga shule Machi 17, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa, tukazuia mikutano na ligi ikasimama, na wageni wakawekwa karantini ya siku 14 kwa gharama zao. Misikiti, makanisa na masoko vilibaki wazi. Ukiweka orodha mbili mezani, ya Lusaka na ya Dodoma, mwezi Aprili hazikuachana sana.

Kilichozitenganisha kilikuwa kuhesabu. Zambia iliendelea kutoa takwimu. Tanzania ilitoa za mwisho za kitaifa Aprili 29, na hesabu iliyobaki kwenye kumbukumbu ikaishia wagonjwa 509, vifo 21. Mapema Mei Rais John Magufuli alieleza hadharani kwamba sampuli za mbuzi na papai zilizopelekwa kwa majina ya watu zilirudi na majibu ya kuwa na virusi, akautilia shaka upimaji wenyewe. Baada ya hapo, kimya.

Jiweke sasa kwenye kiti cha ofisa wa afya kule Lusaka. Kila siku malori yanaingia kutoka Dar es Salaam kupitia Tunduma; Oktoba 2019 marais wawili walikuwa wamefungua pale kituo cha huduma kwa pamoja ili yapite haraka zaidi. Dereva analala Chalinze, anakula Makambako, anasubiri foleni Tunduma. Kule alikotoka ugonjwa umefika wapi? Hujui, na hakuna wa kukuambia. Umebaki na njia moja tu: kumpima dereva mwenyewe. Hivyo ndivyo dereva wa lori alivyogeuzwa kuwa kipimajoto cha nchi aliyotoka.

Mei 9 Zambia ilitangaza wagonjwa wapya 85 kwa mpigo, idadi ambayo haikuwa imewahi kuifikia kwa siku moja. Kati yao 76 walikuwa Nakonde. Siku iliyofuata Rais Edgar Lungu akatangaza kuufunga mpaka, na Mei 11 ukafungwa. Hapo ndipo mchele wako ulipolala.

Ile 76 haikuthibitisha kwamba ugonjwa umetoka Tanzania. Ukipima sana mahali pamoja utapata wagonjwa wengi pale, na Nakonde ilipimwa kuliko miji mingi ya Zambia wakati ule. Mji wenyewe ni wa mpakani, watu wanavuka mchana kutwa, wengine kwa miguu kwenda kununua sabuni ng'ambo ya pili, na waliokutwa na virusi hawakuwa madereva peke yao. Mwelekeo wa maambukizi ungeweza kuwa wowote. Lakini serikali haisubiri uthibitisho wa kisayansi inapoona 76 kwenye mji mmoja, hasa kama upande wa pili wa barabara hakuna namba kabisa ya kulinganisha. Kwa maoni yangu, kama Tanzania ingekuwa inatoa takwimu za Songwe wiki ile, hata zingekuwa mbaya, Lusaka ingekuwa na kitu cha kujadili na wenzao kabla ya kuchukua kufuli. Namba mbaya zinajadilika. Ukimya unajazwa na hofu ya anayeuangalia.

Na kwa nini basi waliufungua tena baada ya siku chache, angalau kwa mizigo na kwa masharti? Jiografia tena. Zambia haina bahari, ina majirani wanane, na shaba yake nyingi pamoja na ya Kongo hupita hapa kwetu kwenda bandarini Dar es Salaam. Mafuta ghafi yalikuwa yanakwenda kwa bomba la TAZAMA hadi Ndola, kilomita 1,710, na bomba halina dereva, halikohoi wala halidaiwi cheti. Vitu vingine vyote vinahitaji mtu kwenye usukani. Zambia kuifunga Tunduma kwa mwezi mzima ingekuwa kujifunga yenyewe.

Kaskazini mambo yalikwenda kwa mtindo huohuo ila kwa sauti kubwa zaidi. Mei 12 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana kwa video, Rwanda, Kenya, Uganda na Sudan Kusini, wakakubaliana mfumo wa pamoja wa kuwapima na kuwafuatilia madereva. Tanzania na Burundi hazikuwepo. Siku nne baadaye Rais Uhuru Kenyatta alifunga mipaka na Tanzania na Somalia isipokuwa kwa mizigo, na dereva aingie akiwa amepimwa. Upande wetu ukayapinga majibu ya vipimo vya Kenya, malori ya Kenya nayo yakazuiwa, foleni ya Namanga ikawa habari ya dunia hadi mawaziri walipokaa. Mwisho wa Julai Kenya ikatoa orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wataruhusiwa kuingia, Tanzania haimo. Kesho yake tu Tanzania ikazuia ndege za Kenya Airways, na zuio likaja kuondolewa Septemba. Rwanda ilidai madereva wabadilishane usukani pale Rusumo, mpakani kwetu na wao, madereva wetu wakagoma. Uganda ilifanya jambo ambalo mimi huliona la kuchekesha kidogo: mwezi Mei iliwaondoa madereva wa kigeni kwenye hesabu yake ya wagonjwa, na idadi ya taifa ikashuka bila mtu yeyote kupona.

Hiyo ya ndege ilikuwa kulipiza. Kulipiza hakuhitaji ugonjwa, na wewe muuza mchele unalijua hili kuliko mimi. Machi 2025 Malawi ilizuia baadhi ya mazao kutoka nje, mchele na unga na ndizi na tangawizi, na Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, mpaka mazungumzo yalipofungua njia mwanzoni mwa Mei. Pale Kasumulu hakukuwa na barakoa hata moja. Serikali inayoona imedharauliwa hutafuta mahali jirani anapoumia, na mara nyingi mahali penyewe ni gunia la mtu kama wewe.

Utaniuliza, jumuiya zetu za kikanda zilikuwa wapi? Zilikuwepo, na ziliandika. SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, ilipitisha mwongozo wa usafirishaji wa mizigo kuvuka mipaka Aprili 6, 2020, tena mwenyekiti wake wakati huo alikuwa Tanzania. Mwongozo ulisema mizigo ya lazima ipite. Nakonde ilifungwa mwezi mmoja baadaye. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 nazo zinaitaka nchi inayozuia sana usafiri wa kimataifa kulieleza Shirika la Afya Duniani sababu zake ndani ya saa 48. Kuna wanaotekeleza, kuna wanaosahau, na hakuna askari wa kuwakamata. Kanuni hizo zilirekebishwa mwaka 2024, na Mei 2025 dunia ikapitisha mkataba mpya kuhusu magonjwa ya mlipuko. Nimeusoma, ni karatasi nzuri. Mimi bado ninawaangalia zaidi madereva.

Kuna tatizo gumu zaidi hapa, ambalo wanaoilaumu Tanzania kwa ukimya wake huliruka. Mkweli naye hupigwa. Novemba 2021 wanasayansi wa Afrika Kusini na Botswana waligundua aina mpya ya kirusi, ile iliyoitwa Omikroni, wakaitangaza mara moja kama kanuni zinavyotaka. Ndani ya siku chache Uingereza na nchi nyingine zilizuia wasafiri wa kusini mwa Afrika, na Malawi na Zambia zikasombwa humo kwa ujirani tu. Ukiwa waziri na ukaliona hilo, somo gani unabaki nalo? Kwa upande wa pili, Uingereza hiyohiyo ilikuwa imezuia wasafiri kutoka Tanzania tangu Januari 2021, tukiwa bado hatutoi takwimu. Kwa hiyo anayesema anafungiwa na asiyesema anafungiwa. Tofauti iko kwenye kufunguliwa: aliyesema ana cha kuonyesha akitaka mlango ufunguliwe, asiyesema inabidi aanze kuhesabu kwanza.

Sisi tulianza kuhesabu upya mwaka 2021. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kamati ya wataalamu mwezi Aprili, akaenda Nairobi Mei akiwa amevaa barakoa, na huko wakakubaliana mawaziri wa afya wa nchi mbili washughulikie utaratibu wa mipakani. Julai 28 akachanjwa hadharani. Usidhani ni majirani peke yao waliotusukuma. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitaka takwimu kabla ya kutoa mkopo wa dharura, na mkopo ulipopitishwa Septemba, dola milioni 567, takriban trilioni 1.3 za kwetu, ndio uliojenga yale madarasa ya UVIKO ambayo huenda wajukuu zako wanasomea. Mkopeshaji naye ni aina ya jirani, anayekaa mbali na mwenye daftari.

Majirani wanaweza pia kusukumana kwenye heri. Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto mmoja Lilongwe amepata polio ya kirusi cha asili, aina ambayo Afrika ilikuwa imeshatangazwa kuwa imeitokomeza. Kirusi kilifanana na kile cha Pakistan. Malawi haikuficha. Mwezi uliofuata wachanjaji walikuwa wakipita nyumba kwa nyumba hapa Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma, sambamba na wenzao ng'ambo ya mpaka. Huenda walikugongea na wewe. Hakuna boda iliyofungwa, kwa sababu kila serikali ilijua mwenzake anafanya nini na wiki gani. Hata Rwanda ilipopata Marburg Septemba 2024, ilitoa takwimu zake wazi hadi ugonjwa ulipotangazwa kwisha Desemba, na Tanzania iliongeza ukaguzi mpakani bila kuifunga Rusumo. Marburg inaua kuliko korona, kwa hiyo ukali wa ugonjwa peke yake hauamui kama kufuli litatoka.

Sasa swali lako la mwisho: utajuaje mapema?

Usisubiri tangazo la Ikulu, yetu wala yao. Tangazo ni la mwisho kufika. Sikiliza taarifa ya afya ya Zambia inataja wagonjwa wa wapi. Wakiwa Lusaka na Kopabeti, mkoa wa migodi ya shaba, boda yako bado iko salama. Siku taarifa inapoanza kutaja Nakonde kwa jina, anza kupunguza mzigo ulioko njiani. Kwa Malawi, jina la kusikiliza ni Karonga, wilaya iliyo ng'ambo ya Kasumulu. Pili, kaa karibu na madereva na mawakala wa forodha pale Tunduma. Masharti kwa madereva hutangulia masharti kwa watu wengine wote: kwanza fomu, kisha kipimo, kisha cheti chenye tarehe, kisha kubadilishana usukani. Ukisikia cheti, hesabu siku. Tatu, angalia kama Wizara yetu inatoa takwimu. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Kama sisi tunasema na wao wanasema, kutakuwa na usumbufu na foleni ndefu, lakini njia itakuwepo. Mmoja akinyamaza, jiandae. Na usiitazame Tunduma tu; chungulia Pretoria. Ikifunga kwa nguvu, upepo utapanda kaskazini, ingawa mwaka 2020 ulipofika Malawi na Zambia ulikuwa umeshapoteza kasi.

Ukichunguza ufungaji wote wa 2020 utaona pia kwamba karibu kila mahali mzigo uliruhusiwa mapema kuliko mtu. Lori lenye nyaraka lilisubiri siku kadhaa likapita; mama anayevuka na magunia mawili kwenye baiskeli alizuiwa kwa miezi, au akapita njia za panya na kunyang'anywa. Wewe ni wa jumla, lakini najua wateja wako wengine hujivushia wenyewe kidogo kidogo. Wape namba ya wakala mwenye lori wakati njia bado ni nyeupe, wachange mzigo mmoja kwa nyaraka za pamoja. Siku ya kufungwa hakuna wakala atakayepokea simu ya mtu asiyemjua.

Kuhusu bidhaa zako, zitenganishe. Mchele unaweza kukaa ghalani Tunduma mwezi mzima na bei yake hata ikapanda kwa sababu ng'ambo umeadimika. Viazi haviwezi. Dalili zikianza kuonekana, viazi uza Tunduma kwa fedha taslimu na mteja wa Nakonde avivushe mwenyewe, hata kama unapoteza shilingi kidogo kwa gunia. Mchele endelea nao kwa mkopo ukitaka, ila kwanza mkubaliane, kwa maandishi na kwa shilingi badala ya kwacha, kwamba boda ikifungwa mzigo ukiwa Tunduma gharama ya ghala ni ya nani.